Magobore 3,000 ya Nagashino: nani aliyahesabu?

Kila muhula nikifika kwenye vita vya Nagashino, Japani, lazima mkono mmoja unyooke nyuma ya darasa: "Mwalimu, si ndiyo vita vile vya magobore 3,000, mistari mitatu?" Mwaka huu umenyooka mara nne. Sasa naandika, nikiulizwa tena nimwelekeze mtu huku.

Kwamba tarehe 28 Juni 1575 wababe wa vita Oda Nobunaga na Tokugawa Ieyasu walimshinda vibaya mwenzao Takeda Katsuyori, hapo hatubishani. Kinachonikera ni ile mistari: wa mbele wanafyatua, wa kati wako tayari, wa nyuma wanashindilia baruti, zamu kwa zamu kama cherehani. Ota Gyuichi, mtumishi wa Nobunaga aliyeandika habari za bwana wake, anataja magobore kama 1,000 chini ya makamanda watano. Nakala moja ya kitabu chake ina alama ya "tatu" iliyobanwa pembeni ya "elfu", na wasomi bado wanavutana kuhusu aliyeibana hapo. Zamu za mistari mitatu hazimo. Zimo kwa Oze Hoan, aliyeandika karne ya 17 ilipokwisha kuingia, na alipenda sana kunogesha. Baadaye jeshi la Japani lenyewe likazinakili katika historia yake ya vita, basi zikawa kama msahafu. Ukiniletea idadi, niambie kwanza kaiandika nani, na miaka mingapi baada ya tukio.

Mnasahau mambo yaliyomaliza kazi. Takeda alikuwa na watu kama 15,000, wapinzani wake zaidi ya maradufu. Mbele yake palikuwa na kijito cha Rengo, ng'ambo yake uzio wa miti. Halafu usiku Sakai Tadatsugu, kamanda wa Ieyasu, akazunguka mlimani, na asubuhi akaiteka ngome ya Tobigasuyama, nyuma ya Katsuyori. Angerudi vipi? Wakapigana tangu alfajiri hadi mchana umepinda. Hiyo si kazi ya cherehani. Makamanda wa Takeda wakaanguka: Yamagata Masakage akafa, Naito Masatoyo akafa, na Baba Nobuharu akafa akilinda wenzake wanaorudi nyuma.

Eti Takeda walidharau bunduki? Walikuwa nazo. Ila bandari ya Sakai, yenye mafundi na wafanyabiashara wa silaha, ilikuwa mkononi mwa Nobunaga.

Eti ukoo wa Takeda uliangamia siku hiyohiyo? Ulidumu miaka saba zaidi, hadi 1582.

Na lile la Yasuke, Mwafrika wa Nobunaga, kwamba alikuwepo Nagashino. Jamani, hesabu tu! Alifika Japani 1579 pamoja na wamisionari Wajesuti, akakutana na Nobunaga 1581. Anayesemekana kutoka Msumbiji huyo alikuja kwenye mwisho wenyewe wa Takeda: mwaka 1582, Takeda wakiwa wameshakwisha na Nobunaga yuko njiani kurudi kutoka Kai, jimbo la Takeda, Matsudaira Ietada, mtumishi wa Ieyasu, alimwona msafarani, akaandika jina lake na urefu wake katika shajara.