Mkataba wa 1873 haukuwakomboa watu wa Tabora

Nimelisikia tena pale kwenye tembe la Kwihara, ile nyumba ya makumbusho ya Livingstone, safari hii kutoka kwa mwalimu aliyewaleta wanafunzi: "Utumwa ulikomeshwa 1873." Jamani! Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Tabora, na sentensi hiyo nimeichoka.

Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza ulifunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia watumwa kusafirishwa kwa bahari. Basi. Misafara ya watumwa bara ilipigwa marufuku 1876, nayo Unguja na Pemba zilisubiri hadi 1897 ndipo sheria ikaacha kuutambua utumwa. Miaka yote hiyo karafuu zilichumwa, na mnajua na nani.

Hayo ni ya pwani. Kinachonikera hasa ni kuifanya Tabora kituo cha basi, mateka wanashuka na kupanda kwenda Bagamoyo. Wengi hawakwenda popote! Walibaki hapa hapa Unyanyembe, wakilima. Na yule mpagazi mwenye pembe za ndovu begani, mnayemwonea huruma kwenye michoro, mara nyingi alikuwa Mnyamwezi huru aliyelipwa ujira. Wapo waliorudi na nguo za biashara wakanunua watumwa, ili shamba lisilale wao wakiwa safarini. Najua jambo hili haliwapendezi watu wa hapa, kwa sababu linawagusa babu zetu, si Waarabu peke yao. Waarabu nao walikuwa na mashamba yao ya mpunga na ngano. Msafara wa mamia ya watu haushibi pembe. Ule ugali na wali ulitoka kwenye jembe la mtumwa, na soko la Unguja lilipofungwa, jembe hilo halikuwekwa chini.

Mjerumani alipotawala hakuufuta utumwa. Mwaka 1901 alimruhusu mtumwa kujikomboa kwa malipo. Kwa amri ya 1904, watoto waliozaliwa kuanzia 1906 wakawa huru. Sheria ya kuufuta Tanganyika nzima ililetwa na Mwingereza 1922.

Hata 1922 nasita kuipa sifa zote. Reli ilikwishafika Tabora 1912, ikaja na kazi za mshahara, kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na watu wengi wakawa wamewaacha mabwana zao bila kungoja karatasi ya mtu. Kwa hiyo, walimu wangu, mkiwaandikia wanafunzi ubaoni jina la Sultani na la balozi wa Uingereza, waandikieni pia kwamba kuna watumwa waliojiondokea wenyewe.