John Wesley na peni ya kila wiki

Sisi wa Katanga Wametodisti tunao wengi, tangu enzi za mmisionari John Springer. Hata hivyo, wanafunzi wangu wa historia ya Kanisa hapa Lubumbashi humwaza Wesley, mwanzilishi wa Umetodisti, kama wahubiri wa kampeni za injili kule Katuba: kipaza sauti, umati, vilio. Kwa kuhubiri, rafiki yake George Whitefield alimpita mbali. Ndiye aliyemvuta Wesley akahubiri nje mwaka 1739, kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol. Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyesoma Oxford, aliona haya; kuokoa roho nje ya kanisa kulikaribia kuwa dhambi machoni pake.

Imani yake ilikuwa imewaka mwaka mmoja nyuma, tarehe 24 Mei 1738, huko London. Alifundisha kwamba neema ni ya watu wote, si ya wateule wachache (hapo wakakosana na Whitefield), na kwamba aliyeokoka sharti akue katika utakatifu.

Ila atakuaje, ikiwa Jumatatu amerudi kilabuni? Jibu lilitoka kwenye deni. Februari 1742 Wametodisti wa Bristol walidaiwa fedha za nyumba yao ya ibada. Nahodha mmoja, Foy, akasema kila mtu atoe peni moja, sarafu ndogo ya Kiingereza, kwa wiki. Wengine hawana kitu, wakamjibu. Basi nipeni kumi na mmoja walio maskini kabisa, akasema. Nitawapitia kila wiki, na asiyekuwa nayo nitamlipia. Wakusanyaji walipoanza kuingia majumbani, wakakuta mengine: huyu anagombana na mkewe, yule kalewa. Wesley akaona papo hapo alichokuwa akikitafuta. Wakusanyaji wakawa viongozi wa madarasa, yaani vikundi vya watu kama kumi na wawili, wanawake nao wakaongoza, na kila mmoja akaulizwa hali ya roho yake. Kila miezi mitatu kadi za uanachama zilitolewa upya. Aliyeshupaa katika uovu hakupata yake.

Whitefield alijaza viwanja. Wesley alipofariki mwaka 1791 aliacha wanachama zaidi ya 70,000 Uingereza na Ireland, na mimi nayapa sifa madarasa kuliko mahubiri.

Kuhusu pesa alisema: chuma uwezavyo, weka akiba uwezavyo, toa uwezavyo. Hilo la tatu wahubiri wetu wa mafanikio hulisoma mbiombio. Anasimulia habari za kijana mmoja wa kikundi chao cha Oxford, ambaye wengi tunaamini ni yeye mwenyewe: alipopata pauni 30 kwa mwaka aliishi kwa 28. Mwaka wa nne alipata 120; akaishi kwa zilezile 28, akawapa maskini 92.