Jemadari siyo bosi wa majenerali, jamani

Siku hizi Arusha kila mtu ni jemadari. Mwenyekiti wa kijiwe cha boda pale Kilombero jemadari, mgombea akishuka tu kwenye gari jemadari, juzi kwenye sendofu MC kamuita jemadari baba mdogo wa bibi harusi, ambaye vita yake ilikuwa kukimbizana na watu wa michango. Hiyo sina shida nayo. Shida ni chalii mmoja mezani kwetu akaanza kutufundisha kwamba eti jemadari ni Kiarabu na ndo cheo cha juu kabisa jeshini, juu ya jenerali. Hapo hata ndafu haikushuka.

Kwa kifupi, jemadari kwa Kiswahili cha leo ni kiongozi wa vita, anayeongoza askari, basi. Siyo cheo. Vijana wakitoka chuo cha jeshi Monduli na kamisheni wanakuwa maluteni usu, wanapanda huko mpaka ujenerali na hakuna mahali wanapita kwenye ujemadari. Na Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, sasa hiyo "amiri" ndo ya Kiarabu kweli, msichanganye.

Jemadari limetoka India, kule wanasema jamadar. Ukilipasua, mbele kuna Kiarabu, mzizi uleule wa jamaa na jamii, nyuma kuna "dar" ya Kiajemi, lugha ya Iran, mwenye kushika, mshikaji kabisa. Yani mwenye kundi. Kiajemi kilikuwa lugha ya watawala India miaka mingi ndo maana, hata serikali yetu mzizi wake ni sarkar ya hukohuko. Na kwenye jeshi la Waingereza India jemadari alikuwa ofisa wa chini kabisa wa Kihindi, juu ya havildar, yani sajenti, chini ya subedar, ofisa wa Kihindi aliyemzidi cheo, na kijana wa Kiingereza aliyeshuka melini jana alikuwa mkubwa kwake. Mwaka 1965 India wakakifuta hicho cheo wakakiita naib subedar, na mtaani kwao jamadar ni mfagiaji, kwa hiyo ukimuamkia mzee wa Kihindi pale mjini "shikamoo jemadari" usishangae akikukazia macho.

Huku kwetu lilipandaje? Nadhani ni Wabulushi, watu wa Baluchistan, kule mpakani mwa Iran na Pakistan. Sultani wa Zanzibar alikuwa na askari wa Kibulushi, na kila kikosi kina jemadari wake, hata Burton na Speke, wale wavumbuzi wa Kiingereza, 1857 walisindikizwa na hao. Sasa mtu wa bara Sultani hajawahi kumuona, mkubwa wa bunduki anayemuona ni huyo jemadari, atamuitaje kama siyo mkuu wa vita?

Lakini jemadari wa kule India alikaa katikati, juu ana wazungu na chini ana watu wake, mara nyingi wa nyumbani kwao kabisa. Mwaka huohuo 1857 kule India, kambi ya Barrackpore, askari Mangal Pandey aliwageukia maofisa wake wa Kiingereza, jemadari wa zamu Ishwari Prasad akaamriwa amkamate, hakumkamata, na akashtakiwa kwamba aliwazuia na walinzi wake wasimguse. Jemadari huyo walimnyonga Aprili mwaka huohuo. Huyo alichagua askari wake, na majemadari wengine wengi walichagua mkubwa wakabaki na mshahara, ndo cheo chenyewe kilivyokuwa. Na wamefika mpaka hapa kwetu, Wapunjabi wa jeshi la Waingereza India waliopanda mlima Longido kupigana na Wajerumani Novemba 1914 walikuwa na majemadari wao.

Kwa hiyo kumuita mtu jemadari muite tu, Kiswahili kimeshalipandisha hilo neno na hakuna wa kulishusha. Ila usiseme ni Kiarabu kitupu, na usimuweke juu ya jenerali. Mwanajeshi mkubwa kuliko wote hapa Tanzania anaitwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na mwenyewe ni jenerali.