Mpaka wa Liboi ulifungwa, watu wakaendelea kuingia

Kila kukitokea shambulio hapa Kenya mjadala unarudi palepale, mwanasiasa anapanda jukwaani anasema tufunge mpaka na Somalia turudishe wakimbizi kwao, na watu wanapiga makofi. Hofu yenyewe siibezi hata kidogo. Kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013 al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia, waliua watu 67, wakarudi Chuo Kikuu cha Garissa 2015 tukazika 148, wengi wao wanafunzi, na mzazi aliyepoteza mtoto pale hahitaji kuelezwa na mtu maana ya usalama. Lakini sisi tunaofanya kazi ya msaada wa sheria kwa waomba hifadhi tunaona watu wanasahau kwamba hilo la kufunga tulishalijaribu na matokeo yake yanajulikana.

Januari 2007 serikali ilitangaza mpaka umefungwa. Majeshi ya Ethiopia yalikuwa yameingia Somalia kuwaondoa watu wa Mahakama za Kiislamu, kundi lililokuwa limeshika Mogadishu, na Nairobi ikahofia wapiganaji watavukia huku. Mpaka ulipofungwa na kituo cha kupokelea wakimbizi pale Liboi, mji wa mpakani, nacho kikafungwa, na hapa ndipo shida ilipoanzia. Kwenye kile kituo mtu akivuka anapokelewa, anaandikwa jina na anakotoka, anaangaliwa afya, halafu anapandishwa gari mpaka kambi za wakimbizi za Dadaab, kilomita kama 80 hivi. Hayo yote yakaisha, ila watu hawakuacha kuja, maana anayekimbia risasi ama njaa haulizi kwanza kama geti liko wazi. Dadaab ilikuwa na watu kama 170,000 mwanzoni mwa 2007, kufika 2011 njaa ilipoibana Somalia walishapita 400,000, na miaka yote hiyo kwenye karatasi mpaka umefungwa.

Walipita wapi? Njia za panya, usiku, na mtu wa kuwavusha aliyelipwa, wengine wakikutana na polisi njiani na kutoa chochote ili wapite. Hakuna aliyewaandika mpaka wafike kambini wenyewe, na wapo ambao kambini hawakufika kabisa walinyoosha moja kwa moja mjini. Sasa afisa wa usalama akitaka kujua nani ameingia wiki hii anauliza wapi? Mimi naona hapo tulijiziba macho wenyewe tukaita ulinzi.

Mei 2016 ikaja awamu nyingine, serikali ikavunja idara yake ya wakimbizi na kutangaza Dadaab inafungwa. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akasema uamuzi huo unavunja katiba, tena ni ubaguzi kwa sababu unawaadhibu Wasomali kwa jumla. Kuna waliolalamika kwamba mahakama imeifunga mikono serikali, si kweli. Mwenye kosa anakamatwa na kushtakiwa yeye kama yeye, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 yenyewe inamnyima hadhi ya ukimbizi mtu aliyefanya uhalifu wa kivita ama kosa zito kabla ya kuja. Kinachokatazwa ni kumrudisha mtu kwenye hatari bila hata kumsikiliza, na huwezi kumjua mhalifu ni nani kama hujamkalisha chini ukamhoji.

Kitu kingine watu wengi hawakijui, hata walioingia bila kibali wana haki ya kuomba hifadhi. Sheria inampa mtu siku 30 tangu aingie ajitokeze mwenyewe kwenye kituo cha mapokezi, na kama kituo kiko mbali aende ofisi ya serikali iliyo karibu. Kwa hiyo ukimpata mgeni mtaani kwako ana watoto na hajui pa kuanzia, usimwambie ajifiche na usimpeleke kwa broka wa vitambulisho. Mpeleke kwa chifu mapema, aseme wazi kwamba anaomba hifadhi, na tarehe aliyoingia iandikwe siku hiyohiyo.