Moyo wa Secretariat haukuwekwa kwenye mzani

Simu ilinyooshwa mbele ya pua yangu hata kahawa haijapoa. Ilikuwa baada ya magharibi, barazani Ngamiani, Tanga, kashata ziko kwenye sinia, na kijana mmoja ananionyesha video ya mbio za farasi za Belmont za 1973, ile ambayo farasi mwekundu, Secretariat, anakuja peke yake kana kwamba wenzake wameshakwenda kulala.

"Dokta, huyu si ndiye yule mwenye moyo wa kilo kumi?"

Nikamwambia moyo ule haukupimwa. Akacheka, akamgeukia mwenziwe: "Mgosi, dunia nzima inajua, dokta wetu peke yake hajui." Mzee mmoja mwenye mkokoteni, aliyekuwa kimya pembeni na kikombe chake, akadakia: "Punda wangu naye ndivyo alivyo. Moyo mkubwa. Mzigo haumshindi."

Hizo kilo kumi nimezisikia kwa wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi, kwa mteja wangu wa ng'ombe wa maziwa kule Pongwe, hata kwenye msiba. Nilikuwa nazimeza. Lakini zikishafika mgongoni mwa punda zinakuwa kazi yangu ya udaktari wa mifugo, kwa hiyo leo naandika.

Kwa asiyemjua mnyama mwenyewe, nampitisha mbio. Secretariat alizaliwa Virginia, Marekani, tarehe 30 Machi 1970, baba Bold Ruler, mama Somethingroyal, rangi ya shaba, miguu mitatu ina soksi nyeupe. Alipatikana kwa bahati ya sarafu. Mwenye dume na mwenye majike walikubaliana kugawana watoto kwa kurusha sarafu. Ogden Phipps, wa upande wa dume, akashinda, akachagua mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na Penny Chenery aliyeshindwa akabaki na huyu, ambaye siku hiyo alikuwa bado yumo tumboni. Yule aliyechaguliwa, jike aitwaye The Bride, hakushinda mbio hata moja. Mkufunzi wa Secretariat Lucien Laurin, mpandaji Ron Turcotte, saisi wake Eddie Sweat. Mwaka 1973 akazichukua mbio tatu kubwa za Marekani, Kentucky Derby, Preakness na Belmont, kwa mpigo, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu farasi Citation mwaka 1948. Belmont ni maili moja na nusu. Aliimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, wastani wa kilomita 60 hivi kwa saa, akimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Weka hiyo kwenye uwanja wa Mkwakwani: wa pili yuko kwenye mstari wa goli, yeye kashapita duara la katikati anaelekea boksi la upande wa pili. Nusu karne imepita na muda ule haujavunjwa. Jumla mbio 21, ushindi 16. Basi, tumemalizana na sifa.

Sasa moyo.

Secretariat alikufa tarehe 4 Oktoba 1989 katika shamba la Claiborne, Kentucky. Aliyempasua ni Dk. Thomas Swerczek. Alipoutoa moyo alishangaa, kwa sababu ulikuwa mkubwa kupita wowote aliowahi kuushika, na ulikuwa mzima: kuta zake sawa, vali zake sawa, hauna dalili ya ugonjwa. Aliyasema hayo na mimi namwamini. Lakini hakuupima uzito. Mwaka 1993 akafa Sham, mpinzani wa Secretariat wa mwaka ule ule wa 1973, na moyo wa Sham ndio uliopanda kwenye mzani: ratili 18, yaani kilo nane na kidogo. Hapo ndipo daktari alipokumbuka ule mwingine wa miaka minne nyuma, akaona ulikuwa mkubwa kuliko huu, akakadiria ratili 22. Geuza uende kilo, unapata kumi. Hiyo ndiyo kilo kumi yenu. Ni kumbukumbu ya mikono.

Kumbukumbu ya mikono si kitu cha kudharau. Mchinjaji mzoefu ataishika nyama na kukwambia kilo ngapi, na mara nyingi hakosei sana. Lakini mwulize leo ini la fahali alilochinja miaka minne iliyopita lilikuwa kilo ngapi, uone atakavyokuangalia.

Na hata mzani wenyewe hausemi kweli kama hujaambiwa umepimaje. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo ninapokasirika hasa. Moyo hauning'inii peke yake kama embe. Una mishipa minene inayoingia na kutoka. Ukiikata karibu na moyo unapata uzito huu, ukiikata mbali unapata uzito mwingine. Una mafuta yamejishika kwenye mfereji wake. Una ule mfuko wake wa nje, wengine wanautoa, wengine wanausahau. Na ndani kuna damu iliyoganda. Mnyama mkubwa akifa akakaa saa kadhaa, vyumba vya moyo vinajaa mabonge, na usipovichana ukayaosha, umeupima moyo pamoja na damu yake. Tofauti haiwi ya gramu. Kwa hiyo mtu akiniambia "moyo wa farasi wa kawaida ni kilo nne, wa bingwa ni kumi", swali langu la kwanza ni nani alishika kisu.

Swali la pili ni nani anapima mioyo ya walioshindwa. Bingwa akifa anaitiwa daktari mkubwa na waandishi wa habari. Aliyemaliza wa saba kila wiki anakwenda zake kimya kimya, moyo wake hauulizwi. Tunayo orodha ya mioyo mikubwa ya mabingwa kwa sababu mabingwa ndio waliopasuliwa.

Na Sham? Sham alikuwa na moyo wa kilo nane, uliopimwa kweli, mara mbili ya wa kawaida. Pale Belmont alikimbia sambamba na Secretariat mwanzoni, kisha akaishiwa. Walikuwa farasi watano. Sham alimaliza wa tano. Moyo wa pili kwa ukubwa katika hadithi nzima ulifika wa mwisho, na kwenye video ile ile mnayonionyesha yupo, ila hamna anayemtazama.

Nadhani Kiswahili chetu nacho kinachangia. Kwetu moyo ni nyama na pia ni ushujaa. Mtu ana moyo, mtu amekufa moyo, mtu anapiga moyo konde. Ukisema farasi alikuwa na moyo mkubwa, msikilizaji anasikia mambo mawili kwa pamoja na hajui kama amevuka kutoka bucha kwenda kwenye utenzi. Nyama ile haina ushujaa wowote. Moyo mkubwa kuliko yote niliyoishika mimi ulikuwa wa ng'ombe aliyemeza waya pamoja na majani. Waya ulitoboa kutoka tumboni hadi kwenye mfuko wa moyo, ukajaa usaha, moyo ukaonekana kama mtungi. Ng'ombe yule alikuwa hawezi kutembea hatua ishirini. Mwenyewe, baada ya kuuona, aliniuliza kama huo ulikuwa moyo wa nguvu.

Haya, nisije nikaonekana nasema moyo hauna kazi. Farasi wa mbio akiwa amesimama, moyo unapiga kama mara 30 au 40 kwa dakika. Akifyatuka unapita mara 220, na kwa dakika moja unasukuma zaidi ya lita 200 za damu, yaani ndoo kumi kubwa za maji. Bandama nayo inajikamua na kumwaga akiba ya chembe nyekundu kwenye mzunguko, ndiyo maana damu ya farasi anayekimbia inakuwa nzito kuliko ya aliyetulia. Moyo mkubwa na mzima ukifungwa kwenye mfumo huo ni faida, hilo silibishi. Ninachobisha ni kuufanya ndio farasi. Farasi akikimbia kwa kasi anavuta pumzi moja kwa kila hatua, na hawezi kupumulia mdomoni. Koo likibana kidogo, ndoo zako kumi zinazunguka bila hewa ya kutosha. Mguu mmoja kwa wakati fulani unabeba zaidi ya uzito wake wote. Ukano ukichanika, mbio zimekwisha, moyo uwe wa kilo mbili au ishirini.

Tazama Secretariat alivyoshindwa. Wiki mbili kabla ya Derby alikimbia mbio za Wood Memorial akawa wa tatu, nyuma ya Angle Light na Sham. Alikuwa na jipu ndani ya mdomo wa juu, na kila hatamu ikivutwa lijamu linamgusa pale pale. Jipu! Baada ya kuchukua mataji yote matatu alikwenda uwanja wa Saratoga akashindwa na farasi aitwaye Onion, yaani Kitunguu. Ikaonekana baadaye kwamba alikuwa na homa. Siku hizo zote moyo ulikuwa mle mle kifuani, na ukubwa ule ule.

Kuna wanaosema ukubwa ule unarithiwa kupitia kromosomu X, ile ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama tu, kwa hiyo dume haliwezi kumpa mwanawe wa kiume, linawapa mabinti tu. Hadithi hii inawapendeza watu kwa sababu ya yaliyomtokea Secretariat shambani. Kabla hata hajachukua mataji alikwisha kuuzwa hisa 32 za kupandishia, kila moja dola 190,000, jumla dola milioni 6.08, rekodi ya wakati ule. Watu walikaa wakingoja Secretariat wa pili. Kati ya watoto zaidi ya 600 hakutoka. Walitoka wazuri, Risen Star akashinda Preakness na Belmont mwaka 1988, binti yake Lady's Secret akawa farasi bora wa mwaka 1986, lakini wenye hisa walitaka radi ipige mti ule ule. Wakasema dume limefeli. Mtoto wa nyoka ni nyoka, si ndivyo tunavyosema? Wenzetu wafugaji wa Tanga wanalijua hili kuliko methali: unaweza kununua mbegu ya dume ghali kabisa, ukapata mtamba anayetoa maziwa ya kuweka kwenye chai tu.

Kisha mabinti wakazaa. Terlingua akamzaa Storm Cat, Weekend Surprise akamzaa A.P. Indy aliyeshinda Belmont ya 1992, Secrettame akamzaa Gone West. Madume hayo matatu yamejaza mazizi ya farasi wa mbio duniani. Urithi wake ulipita upande wa kina mama, na hilo ni kweli na lina uzuri wake. Ila kutoka hapo hadi kusema ni moyo uliopita kwenye X, kuna mto hapo katikati na daraja halijajengwa. Jeni hilo halijaonyeshwa na mtu. Madume yana X yake na yana kromosomu nyingine zote pia, na mabinti wa Secretariat walipandishwa kwa madume bora kuliko farasi wengi wanavyoota. Utatenganishaje? Mimi siwezi. Na nikiwa mkweli zaidi, siwezi hata kukwambia kama moyo wa bingwa ulizaliwa mkubwa au mazoezi ndiyo yaliyoukuza, kwa sababu mazoezi huukuza kweli, na sisi tunauona ukiwa umeshakua na mwenyewe ameshakufa. Vitabu vinaliandika hili kwa sentensi tulivu. Kazini halina utulivu.

Jambo ambalo barazani halitajwi ni lililomuua. Kwato. Zile tabaka zinazoshikilia mfupa wa mguu ndani ya kwato ziliwaka uvimbe, zikaanza kuachia. Maumivu yake ni makali kiasi kwamba farasi anarudisha uzito kwenye visigino na kukataa kusogea. Walimtibu wiki kadhaa pasipo nafuu, mwisho wakampumzisha kwa sindano akiwa na miaka 19. Walimzika mwili wote. Desturi ya kule ni kuzika kichwa, moyo na kwato, kwa hiyo kuzikwa mwili wote ni heshima kubwa. Moyo wake ulipopasuliwa ulikuwa mzima kabisa, wangeweza kuutamani farasi wa miaka mitatu. Miguu ndiyo iliyokataa.

Mbio za farasi huku kwetu hatuna, na sababu mnazijua: mbung'o, na tauni ya farasi inayoletwa na visubi. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibebwa na mabega ya watu kwa sababu wanyama walikuwa wanakufa njiani. Punda ndiye aliyevumilia kidogo. Farasi niliowatibu maishani sijajaza vidole vya mikono miwili; punda sina hesabu.

Asubuhi ya pili yule mzee alinipitia na punda wake, maana barazani nilimwambia bila kupunguza makali kwamba punda asipobisha haimaanishi hachoki. Shikamoo, marahaba, akaniomba niusikilize moyo. Nikausikiliza. Ulikuwa moyo wa punda, unapiga mara 44 kwa dakika, hauna kelele ya ziada, na kwa sikio siwezi kumwambia mtu yeyote ukubwa wake. Mzee akatabasamu: "Si nilikwambia, dokta."

Nikainama nikaunyanyua mguu wa mbele wa kushoto. Kwato ilikuwa imerefuka ikajikunja mbele kama ncha ya kandambili kuukuu, na katikati ya unyayo kulikuwa na kokoto imejichimbia, harufu inatoka. Nilipoibonyeza punda akauvuta mguu.

"Huyu amekuwa akichechemea tangu lini?"

"Hachechemei," mzee akasema. "Anakwenda polepole tu. Uvivu."

Nikamwomba anishikie kamba, nikaenda kwenye pikipiki kuchukua kisu cha kwato.