Muda wa kutuliza akili nitautoa wapi? Maswali na majibu

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, asubuhi za mji huu zimekuwa za kukimbizana. Daladala zinajaa mapema, bodaboda zinakatiza kila upande, na watu wanaamka saa 11 alfajiri wawahi Mtumba, kwenye ofisi za Serikali. Msongo wa mawazo umekuwa malalamiko ya kila siku, lakini ukimshauri mtu atenge dakika chache za kutafakari, anakuuliza kwanza muda huo atautoa wapi. Majibu yafuatayo ni kwa watu wa namna hiyo.

Kutafakari kunakozungumziwa hapa ni kufanya nini hasa?

Ni kuielekeza akili kwenye kitu kimoja kinachotokea sasa hivi, mara nyingi pumzi yako, kwa dakika chache. Akili itahama. Itakwenda kwenye ada ya mtoto, kwenye marejesho ya vikoba, kwenye maneno aliyokujibu bosi jana. Ukigundua imehama, irudishe kwenye pumzi bila kujigombeza, kama mchungaji anavyomrudisha mbuzi aliyeingia shamba la mtu. Itahama tena, nawe utairudisha tena. Wengi huacha siku ya kwanza wakidhani wameshindwa kwa kuwa mawazo hayakukoma. Hayakomi, na hakuna anayekudai yakome. Zoezi lenyewe ni huko kurudisha.

Mimi ni mtumishi, natoka Nkuhungu kwenda Mtumba kila siku. Jioni watoto wananisubiri. Nitafanya saa ngapi?

Usihangaike kutafuta muda nyumbani, unao tayari ndani ya gari. Ukishapata siti, weka simu kwenye mkoba. Macho si lazima uyafumbe. Yashushe tu yaangalie mgongo wa siti ya mbele. Sikia nyayo zako zilivyogusa sakafu ya gari. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu taratibu hadi 4, kisha itoe ukihesabu hadi 6. Konda anaita vituo, muziki uko juu, jirani yako anaongea na simu kwa sauti. Acha viendelee. Sauti ikikuvuta, rudi kwenye hesabu. Anza gari linapopita Nanenane, acha mkifika Ihumwa. Dakika hizo zinatosha kwa siku. Kama umesimama, fanya vilevile ukisikiliza kiganja kinavyoshika bomba.

Mimi nasisitiza sana jambo hili la kulifunga zoezi kwenye kitu unachokifanya kila siku, iwe gari, chai ya asubuhi au kufungua geti la ofisi. Anayesema atafanya akipata nafasi huwa hafanyi. Na dakika 5 za kila siku ni bora kuliko saa nzima ya Jumapili moja kwa mwezi.

Kwa nini pumzi?

Ukiwa na hofu au haraka, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unakimbia, misuli inakaza, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Ni maandalizi mazuri ukikutana na nyoka shambani. Shida ni pale mwili unapobaki katika hali hiyo kutwa nzima kwa sababu ya deni.

Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini pumzi unaweza kuiongoza mwenyewe. Unapoitoa polepole, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo kasi. Jipime sasa hivi: weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, upande wa dole gumba, upumue kwa hesabu ile ya 4 na 6. Wengi, hasa vijana, husikia mapigo yakipungua kidogo wanapotoa pumzi. Kila hesabu ikiwa sekunde moja, utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20.

Napika na kuuza chakula pale Majengo. Hata pa kukaa sina.

Basi usikae, mama. Chagua kazi moja ya mikono. Kuchambua mchele kunafaa sana: ungo mapajani, vidole vinasogeza punje, jicho linatafuta chuya na vijiwe. Kwa ungo mmoja tu, akili iwe kwenye vidole na mchele, isiende kwa mteja aliyekopa jana. Ikienda, irudishe. Kuosha sahani kunafaa pia.

Na sisi wa bodaboda?

Kijiweni tu, injini ikiwa imezimwa. Ukiwa barabarani, macho na akili viwe barabarani.

Hili haligongani na dini yangu?

Swali hili ni la haki. Asili ya mazoezi mengi ya namna hii ni Ubudha. Lakini mwaka 1979 mtafiti Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, aliyaweka kwenye programu ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, bila ibada ndani yake. Kufuatilia pumzi hakukudai umwombe yeyote. Ukitaka, baki dakika chache kwenye mkeka baada ya swala ya alfajiri, au kwenye kiti baada ya sala ya asubuhi.

Kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo, ila usitegemee miujiza. Mwaka 2014 jarida la tiba la Marekani, JAMA Internal Medicine, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 zenye washiriki zaidi ya 3,500. Mafunzo ya kutafakari yalipunguza wasiwasi, sonona na maumivu, kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Hayakuonekana kushinda dawa wala mazoezi ya mwili.

Kwa hiyo niache vidonge vya presha?

Hapana. Endelea na dawa na kliniki yako. Kutafakari ni nyongeza.

Nikikaa kimya ndipo wasiwasi unazidi. Nifanyeje?

Huwatokea baadhi ya watu, hasa waliopitia msiba mzito, ukatili au ajali. Fumbua macho, kanyaga chini kwa nguvu, taja kimoyomoyo vitu unavyoviona. Siku nyingine fanya ukitembea, ukisikiliza hatua zako. Hali ikijirudia, liache kwanza zoezi hili, uzungumze na mtaalamu. Mwenye historia ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii amuone daktari kwanza kabla ya kuanza.

Nitajuaje kwamba shida yangu inahitaji hospitali?

Kama huzuni au hofu imekaa wiki 2 au zaidi, usingizi umekatika, chakula hakipiti, kazi imekushinda, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata kesho: mwambie mtu wa karibu, uende siku hiyohiyo. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko hapahapa mjini. Inauma kuona jina lake limegeuzwa kejeli mitaani, maana kejeli hiyo inawafanya watu wabaki nyumbani na ugonjwa unaotibika. Pale hutibiwa pia watu wenye sonona na wasiwasi, wanaokunywa dawa zao na kuendelea na kazi. Ukiona aibu kwenda peke yako, mwombe ndugu akusindikize.