Acheni Kuhesabu Ndege za Waokoaji

Nimeulizwa tena. Safari hii kauliza mtu ninayemheshimu, msomi na mwenye huruma ya kweli: inakuwaje nchi iliyopigwa na tetemeko ikatae vikosi vya uokoaji vilivyo tayari kuruka, ilhali watu wanakufa chini ya kifusi? Swali hili hunifikia kila ardhi inapotikisika mahali, na kulijibu kwa ujumbe mfupi wa simu kumenichosha. Nalijibu hapa kwa kirefu ili atakayeuliza baadaye nimtumie kiungo nikaendelee na kazi yangu ya kuratibu vikosi vya uokoaji.

Nyuma ya swali kuna hesabu ambayo muulizaji haisemi: kikosi kimoja zaidi ni roho kadhaa zaidi. Kwa anayetazama taarifa ya habari, hesabu hiyo inaingia akilini. Aliye kwenye hema la uratibu saa nane za usiku, vikosi vitatu vimetua kwa mpigo na lori hakuna hata moja, anaiona kwa jicho jingine kabisa.

Tuanze na nani hasa anayeokoa. Ni jirani. Wengi wa wanaotoka hai kwenye kifusi hutolewa siku ya kwanza na watu wa mtaa, kwa mikono, sururu na jeki za magari. Baada yao huja zimamoto na jeshi la nchi husika. Kikosi cha nje, hata kikiwa chepesi wa kuruka, mara nyingi huanza kuchimba saa ishirini na kitu au zaidi baada ya tetemeko. Nepal, Aprili 2015, tetemeko la ukubwa wa 7.8: vilikwenda vikosi vya kimataifa zaidi ya 70, vikatoa watu 16 wakiwa hai, katika maafa yaliyoua karibu watu 9,000. Haiti, Januari 2010, wageni walitoa zaidi ya 130, na idadi hiyo ilihesabiwa kuwa kubwa mno. Siwabezi hao 16. Kila mmoja wao ana watu wake, na pengine hakuna jeki ya jirani ambayo ingemfikia. Ninachosema ni kwamba vikosi vya nje vinakuja kwa kazi maalumu: saruji nene, majengo ya ghorofa yaliyojilaza sakafu juu ya sakafu, mtu aliye ndani sana. Kama kazi ya aina hiyo haipo, au tayari ina wenyewe, kikosi cha ziada kitakwenda kufanya nini?

Hapo ndipo Morocco inaponijia. Septemba 2023, tetemeko la 6.8 liliangusha vijiji vya milima ya Atlas, na serikali ikakubali vikosi vya nchi nne tu: Uhispania, Qatar, Uingereza na Falme za Kiarabu. Mitandaoni watu walitukana mpaka wakachoka. Sasa tazama nyumba zenyewe. Nyingi zilikuwa za udongo na mawe. Ghorofa ya zege ikianguka huacha mianya, slabu (sakafu ya zege) huegemea nguzo, mtu akabaki katikati ana hewa. Nyumba ya udongo ikianguka hurudi kuwa udongo: hujaza kila nafasi na vumbi humziba mtu pumzi. Mashine za kukata zege zinasaidia nini hapo? Na barabara za milimani zilikuwa zimefunikwa na maporomoko. Sisemi nne ndiyo idadi sahihi. Huenda sita ingefaa zaidi, na huenda siasa nazo zilikuwa na mkono wake. Sijui, na anayedai anajua kwa hakika namtilia shaka, kwa sababu hakuna anayeweza kurudia tetemeko lilelile kwa uamuzi tofauti akalinganisha. Lakini kukataa kwenyewe si ukatili.

Kikosi kinakula nini? Kikosi kizito, kwa vigezo vya INSARAG (mtandao wa vikosi vya uokoaji ulio chini ya Umoja wa Mataifa), ni watu kama 60 pamoja na mbwa na tani za vifaa, wenye uwezo wa kufanya kazi maeneo mawili kwa wakati mmoja, usiku na mchana, kwa siku kumi. Kinakuja na mahema, maji, chakula na daktari wake. Hapo ndipo watu hupiga makofi: kinajitegemea! Kinajitegemea, ndiyo, mpaka kwenye ngazi ya ndege. Petroli haipakiwi ndegeni, gesi za kukatia chuma vilevile. Mbao za kuhimili jengo, ambazo bila hizo hakuna mwenye akili anayeingia chini ya slabu, hununuliwa palepale. Kinahitaji malori, basi, wakalimani, ulinzi, uwanja wa kupiga kambi. Vyote hivyo vinatoka kwa nchi ambayo jana yake imepoteza barabara na nusu ya madereva wake wanachimbua ndugu zao. Uwanja wa ndege nao una mwisho wake. Kathmandu ina njia moja tu ya kurukia, na baada ya tetemeko ilianza kuharibika, ikabidi ndege kubwa zizuiwe. Kikosi kinachotua bure kinachukua nafasi ya ndege yenye hospitali ya muda.

Vikosi visivyopimwa, vinavyojirusha vyenyewe bila kualikwa, sitavizungumzia sana, presha yangu haitaki. Viko vinavyofika na kamera mbili na hema moja, kisha asubuhi vinakuja kwetu kuomba maji.

Kuna na dhana kwamba Umoja wa Mataifa ndio unaoamuru. Hauamuru mtu. Azimio 46/182 la Baraza Kuu, la mwaka 1991, liko wazi kwamba wajibu wa kwanza ni wa nchi yenyewe. Sisi wa uratibu tunasajili vikosi uwanjani kwenye dawati la mapokezi (mara nyingi kikosi cha kwanza kutua ndicho kinacholifungua), tunagawa ramani kwa sekta, tunapendekeza nani aende wapi, na mamlaka ya nchi inaamua. Kiongozi wa kikosi akikataa sekta niliyompa, sina pingu. Nina ubao, redio na ulimi. Wengi hawakatai, kwa kuwa tumefundishwa kitabu kimoja, mwongozo wa INSARAG, na tumefanya mazoezi pamoja. Anayekataa kwa kawaida ana balozi wake kwenye simu na jengo moja kichwani, lile linaloonekana kwenye televisheni za kwao.

Tufike sasa kwenye kinachoniudhi kuliko yote: sentensi "jengo hili limeshapekuliwa." Waandishi huiandika, wakuu wa wilaya huitamka, familia huisikia. Limepekuliwa kwa kiwango gani?

Tuna viwango vitano. Cha kwanza ni kulizunguka eneo zima kwa gari au helikopta kujua uharibifu umekaa wapi. Cha pili, kupita sekta jengo kwa jengo na kuchagua pa kufanyia kazi. Cha tatu ni upekuzi wa haraka: mbwa, vifaa vya kusikiliza, kuita, kutoa wanaofikika bila kubomoa sana, kisha kuondoka. Cha nne ndiyo kazi nzito ya kuhimili, kukata na kuchimba mpaka kila mwanya unaoweza kuwa na mtu hai ufikiwe. Cha tano ni kufukua kila kitu, na kwa kawaida hicho ni cha kutoa miili.

Kikosi kikimaliza huchora kwa rangi ya kupuliza, ukutani karibu na pa kuingilia, mraba wa kama mita moja kwa moja. Ndani ya mraba kuna alama ya eneo, alama ya kikosi, kiwango kilichofikiwa na tarehe. Hatari, kama gesi inayovuja, huandikwa nje ya mraba upande wa juu. Ukiona mstari wa mlalo umekata alama yote katikati, basi hapo kazi imekwisha. Bila mstari huo, haijaisha. Nimeona mraba wenye kiwango cha tatu na jirani akiapa kwamba "wamemaliza, wamepita na mbwa wao wakaondoka," na mita chache kando yake watu wa familia wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiamini wametelekezwa. Hakuna aliyewaambia kwamba kupita haraka ni kwa makusudi: huwezi kukaa siku mbili kwenye jengo moja wakati mitaa mitatu haijaguswa. Hilo ndilo somo la Uturuki, Februari 2023, matetemeko mawili ya 7.8 na 7.5 siku moja, mikoa 11, vikosi vya nje zaidi ya 200, na bado ziko sehemu zilizosubiri sana. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini-magharibi mwa Syria, Helmeti Nyeupe, waokoaji wa kujitolea wa Syria, walichimba siku za mwanzo karibu peke yao. Jumla ya vikosi haikukwambia lolote kuhusu mtaa fulani.

Na mbwa, jamani. Mbwa akibweka haonyeshi alipo mtu, anaonyesha inapotokea harufu, na harufu hufuata nyufa. Mtu anaweza kuwa vyumba viwili mbali. Tunaleta mbwa wa pili, tunapiga filimbi moja ndefu ili kila mtu anyamaze na mashine zizimwe, tunasikiliza. Filimbi tatu fupi ni kukimbia nje. Anayeita watu wampigie picha wakati wa ile ndefu simpendi.

Kuchagua jengo la kuanzia nako kuna madaraja. A ni mtu amethibitika yu hai na atatoka ndani ya saa 12. B yu hai lakini itazidi hapo. C huenda yupo aliye hai. D ni maiti tu. Kwenye karatasi panapendeza. Usiku ule, una sauti moja ndani ya B itakayokula saa ishirini na kikosi chako kizima, na una C tano ambazo hakuna aliyezisikiliza. Kitabu kinasema aliyethibitika kwanza, nami nafuata kitabu. Sina hakika kwamba hesabu ya roho inakiunga mkono kila mara. Ninachojua ni kwamba sijaona kikosi kinachoweza kuiacha sauti kiendelee kufanya kazi vizuri kesho yake.

Kisha kuna siku ya kusitisha. Watu huzishika zile saa 72 kama amri ya mbinguni, kumbe ni makadirio tu, na wapo wanaotoka hai muda mrefu baada ya hapo. Mwanya, maji, baridi, majeraha: hivyo ndivyo vinavyoamua. Na hata aliyefikiwa anaweza kufa akitolewa, kwa sumu inayorudi mwilini mguu uliobanwa ukiachiliwa. Dripu kwanza, ndipo zege linyanyuliwe. Haiti, serikali ilitangaza mwisho wa uokoaji siku kumi na kitu baada ya tetemeko, na tarehe 27 Januari, siku ya 15, msichana akatolewa hai. Je, tangazo lilikuwa kosa? Greda zilikuwa zinasubiriwa, wagonjwa walikuwa wanalala barabarani, na kila siku ya kuendelea ilikuwa na gharama kwa walio hai juu ya ardhi. Nikiulizwa na serikali leo, bado ningeshauri isitishe muda uleule au karibu nao, huku vikosi viwili vitatu vikibaki tayari kwa taarifa yoyote ya sauti.

Vikosi vingine vinavyobaki navyo vina kazi: mainjinia wao wa majengo hukagua hospitali na shule zilizopasuka, ili ijulikane wapi wagonjwa warudishwe ndani na wapi waendelee kulala uani. Kazi hiyo haina picha nzuri, na mara nyingi ndiyo ambayo nchi huwa imeomba tangu mwanzo.